Jani Nalo Lina Sukari

Tukuyu, saa nane usiku. Ukungu umelalia paa la kiwanda.
Nageuza majani kwenye vihori vya kunyaushia,
mikono kijani hadi viwikoni,
na feni zinavuma chini yangu kama ng'ombe aliyeshiba.

Subilaga, binti wa kaka yangu, karudi na koti jeupe
lenye doa la wino mfukoni.
Anaokota jani moja.
"Nusa, shangazi."
Nanusa. Mvua, basi. Jani ni jani.
"Sasa lifikiche."
Nalifikicha kwa kidole gumba,
na hilo hapo, ua!
Ua ambalo halikuwapo,
kama mtu kapita nyuma ya benchi langu kanisani
na marashi yake ya Pasaka.

"Lilikuwamo," anasema, "limefungwa tu.
Humo ndani mna kimeng'enya,
fundi mdogo, jina lake refu kuliko yeye.
Kazi yake kumngoja mpagazi
anayekuja na glukosi mgongoni.
Mpagazi hutua mzigo. Fundi humkamata yule mwenye harufu,
molekuli nyepesi, mtoro,
ambaye ukimwacha huru ataunguza nyumba aliyozaliwa
au atatoka na upepo wa Rungwe asirudi,
humfunga sukari kiunoni.
Akishafungwa hutulia. Anakubali maji. Anawekwa ghalani.
Hanuki, hachomi, ungedhani hayupo."

"Kama mwizi na jiwe?"
"Kama mtoto na mbeleko, shangazi."

Nikauliza habari za anayefungua.
Huyo hukaa ukutani, chumba kingine,
na hawa wawili hawajawahi kuonana
ila siku ukuta ukibomoka.
Akanyoosha kidevu kuelekea mashine ya kusokota,
ile inayopiga kelele hata Jumapili.

Miaka kumi na tisa nipo hapa.
Nyaraka nimetia sahihi, buti nimepewa, mshahara nimekatwa,
hakuna aliyeniambia kwamba kazi yangu ni kufungua mafundo.

Mama yangu Tusajigwe alichuma miaka thelathini na mmoja.
Mgongoni mwake nilikaa mimi, akakaa Lugano,
kikapu kikakaa muda mrefu kuliko sisi wote.
Sasa ana sukari.
Daktari amemkataza hata nusu kijiko,
anainywa chai kavu
akiitazama kama mtu anayemdai.
Mguu wa kushoto hausikii. Juzi alikanyaga kaa la moto jikoni
akajua kwa harufu.

"Damu ya bibi nayo inafungwa sukari," Subilaga akasema,
"ila kule hakuna fundi. Inajibandika yenyewe,
popote, kwa yeyote..."
"Nyamaza," nikamwambia. "Bibi yako si jani."
Akanyamaza.
Tukageuza kihori kizima hatujatazamana.
Baadaye akasema, polepole, anajua.

Alfajiri nilibeba konzi moja ndani ya leso,
chai ya zamu yetu, bado ina joto la tanuri.
Mama alikuwa ameshaamka, kajifunga shuka mbili,
bandeji imepanda hadi kifundoni.
Nikamimina. Hakunywa.
Aliinamia kikombe mpaka mvuke ukamlowesha kope,
akakaa hapo, muda wa kuchuma mstari mmoja.

"Hii ya bondeni," akasema.
"Imechumwa baada ya mvua ya mawe. Majani yaliumia."
Sikuwa nimemwambia.
Akavuta tena pumzi, akanikazia macho
yale ya msimamizi anayepima kikapu:
"Anyosisye. Umetia sukari?"

Sijatia, mama.

Akanywa kidogo, akasubiri, akanywa tena.
"Mwongo," akasema, na akanisukumia kikombe nimwongezee.